Zamu ya Nne na Saba: Kumkumbuka Fundi Manasseh Anyona

Wasikilizaji wapendwa, bwairire, habari za jioni.

Kabla sijasema lolote, naapa. Yote mtakayosikia jioni hii ni kweli tupu. Mvua ya mawe na ipige chai yangu, na migomba yangu isizae tena, nikiongeza hata chumvi ya kuonja. Najua kuna watu hapo Keroka wanaocheka wakinisikia mimi, Makori, naapa. Chekeni. Leo sina mzaha. Leo namsindikiza rafiki.

Jina lake ni Manasseh Anyona. Nalirudia kwa walio jikoni na moshi umewajaa machoni: Manasseh Anyona. Fundi wa injini wa Keroka. Mzaliwa wa Ekerenyo. Alifariki wiki iliyopita kwa ugonjwa wa kifua. Atazikwa kesho nyumbani kwake Ekerenyo, upande wa kulia wa nyumba, pale alipokuwa akipenda kuegesha magari ya watu yaliyokataa kupona.

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Wanaochimba wanasema udongo unateleza, wakitoa jembe moja unarudi nusu. Hata ardhi haina haraka na Manasseh.

Wasikilizaji wapendwa, huyu mtu alianza mapema. Baba yake alikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Siku moja mzee alienda Nyamira kwa shughuli za kanisa, aliporudi akakuta mashine imetapakaa uani, kila msumari peke yake, na mtoto amekaa katikati kama kuku anayelalia mayai. Alipigwa, Manasseh. Alipigwa huku anarudisha vyuma mahali pake. Na mashine ile iliporudishwa, nawaambia, ilisaga hata mahindi yaliyokuwa bado shambani.

Baadaye akashuka Keroka, akajifunza kazi kando ya barabara ya Kericho. Malori ya chai, pikipiki, matingatinga, vyote vilipita mkononi mwake. Akamwoa Orpah, binti wa Itumbe. Wakapata mtoto mmoja, Natasha, ambaye sasa anafanya kazi ofisini Kisii mjini.

Natasha nilizungumza naye jana. Aliniambia hivi: "Baba alikuwa na bisibisi ndefu. Anaweka ncha kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anasikiliza beringi. Mimi nikiwa mdogo nilidhani ni daktari. Alipozidiwa, aliiomba ile bisibisi. Akaweka ncha hapa, kifuani kwake, akanipa mpini. Akaniambia, 'Sikiliza, Natasha. Unasikia hiyo sauti? Hiyo beringi imeisha. Hakuna spea.'"

Nilipomaliza kumsikia Natasha nilitoka nje nikasimama tu.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nataka niwaeleze injini ya mwisho ya Manasseh. Maana ninyi mlio Keroka mmesikia maneno mengi juu ya injini hiyo, na mengi si mazuri. Msikie ilivyokuwa.

Kuna mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi pale Keroka, Jasper Ratemo. Mnamjua: mabati, misumari, sauti kubwa. Jasper alinunua gari kuukuu la Kiingereza, lenye injini ya silinda nane, nne huku na nne huku. Alitaka kushindana kupanda ule mlima wa Ekerenyo kwa barabara ya murram, changarawe tupu, kutoka mtoni hadi sokoni, gari moja moja, la haraka ndilo bora. Gari lilikuwa na nguvu ya kutosha. Lakini injini ilivunjika. Manasseh akaitengeneza. Ikavunjika tena. Na mara zote mbili ilivunjika mahali pamoja: nyuma, kushoto, kwenye silinda ya saba. Pistoni imeungua, na beringi ya karibu yake imekwaruzika kama imelambwa na paka mwenye hasira.

Jasper alisimama mlangoni mwa gereji, watu wakisikia. Akasema, "Fundi, hii ni mara ya pili. Ikifa ya tatu, nauza chuma kwa kilo, na nitawaambia watu wote wa Keroka ni nani aliua."

Manasseh alikuwa amekaa kwenye tairi, anakohoa. Akajibu polepole: "Jasper, mimi nina injini moja tu iliyobaki mwilini. Nataka hii iende juu na irudi nyumbani ikiwa nzima. Nikipata hilo, niite jina lolote utakalo."

Hilo ndilo alilotaka. Msilisahau. Injini iende juu, irudi nzima. Fundi mgonjwa, injini moja, na jina lake la miaka mingi limewekwa juu yake.

Wakati ule alikuwa na chaguo mbele yake. Ndani ya injini kuna chuma kirefu chenye nundu nundu, kinaitwa kamshafti. Kinapozunguka, zile nundu hufungua na kufunga valvu. Kamshafti ndiyo inayoamua nani apumue saa ngapi. Ndiyo mwenyekiti. Jasper alikuwa ameona Nairobi kamshafti ya mashindano yenye nundu kubwa, tayari, ya kununua na kufunga. "Lete hiyo," alisema. "Gari lipige kelele watu wajue tumefika."

Manasseh akasema hapana. Nundu kubwa zingeongeza moto, na moto ndio uliokuwa ukiua silinda ya saba. Yeye alitaka kamshafti iliyochongwa upya, yenye kubadilisha zamu.

Zamu gani? Sikilizeni, si vigumu. Silinda nane haziwaki pamoja. Zinawaka kwa zamu. Kila fundi wa Keroka amekariri zamu za injini ile kama aya ya Biblia. Wanagenzi huziimba wakifunga nyaya za plagi: moja, nane, nne, tatu, sita, tano, saba, mbili. Wanaimba bila kufikiri, mikono inafuata wimbo.

Sasa angalieni hapo mwisho: tano, saba. Hizo mbili ni majirani, zimekaa nyuma kabisa, mbali na feni. Ya tano ikilipuka, kabla hata joto halijapoa, ya saba inalipuka. Beringi iliyo katikati yao inapigwa kofi huku, kofi huku. Na ya saba inanyang'anywa hewa na mwenzake. Ndiyo maana ilikuwa inakufa.

Ni nani aliyemfungua Manasseh macho? Wasikilizaji wapendwa, sipendi kujisifu. Ni mimi. Tulikuwa tumekaa nje ya gereji nikamwambia, "Manasseh, angalia akina mama wa Itumbe wa kikundi cha kuchuma chai kwa zamu. Leo shamba la huyu, kesho la yule. Mashamba mawili yanayopakana chini bondeni yakichumwa moja baada ya jingine, ile njia moja inageuka matope, mama wanaanguka na vikapu. Wanafanyaje? Mmoja wa bondeni anabadilishana zamu na mmoja wa kule juu. Bado majirani wawili watafuatana, lakini sasa ni wale wa kando ya barabara, penye udongo mgumu."

Manasseh aliingia ndani, akachukua chaki, akaandika sakafuni. Ya nne na ya saba hupanda na kushuka pamoja. Moja ikiwaka, nyingine inatoa moshi. Kwa hiyo zinaweza kubadilishana zamu na injini isione tofauti, mradi kamshafti ichongwe hivyo. Ikawa: moja, nane, saba, tatu, sita, tano, nne, mbili. Sasa majirani wanaofuatana ni nne na mbili, nao wako mbele, karibu na feni na maji. Penye udongo mgumu.

Jasper aliguna sana. "Unataka nilipie chuma cha ajabu ambacho hata hakipigi kelele?"

"Ndiyo."

"Na kikiniaibisha?"

"Hakitakuaibisha. Kitanichosha mimi tu kueleza."

Kamshafti ikachongwa Nairobi, ikaja kwa basi imefungwa kwa gunia kama muhogo. Manasseh akaifunga mwenyewe. Alikuwa anafunga bolti tatu, anakaa, anakohoa, anasimama tena. Ijumaa mchana akafunga nyaya za plagi kwa zamu mpya, ya nne mahali pa saba, ya saba mahali pa nne. Akawasha. Mimi nilikuwapo. Injini ilinguruma vizuri hata ndizi za mama mmoja kando ya barabara zikaiva papo hapo. Kisha Manasseh akazima, akanawa mikono, akaenda zake. Jua lilikuwa linashuka. Manasseh alikuwa Msabato wa kweli. Jua la Ijumaa likizama, spana inalala.

Na hapa ndipo huzuni ilipoingilia, wasikilizaji wapendwa. Haikuingia kwa mlango wa adui.

Manasseh alikuwa na fundi mwenzake, Lewis. Lewis ni Mkatoliki, Jumamosi kwake ni siku ya kazi. Mkono mzuri, moyo mzuri zaidi. Alimwona mwenzake amechoka, akasema: wacha nimsaidie, gari likimbie kesho likiwa safi. Akatoa plagi zote nane, akazisugua zikang'aa. Kisha akarudisha nyaya. Na alipokuwa akizirudisha, aliimba. Mnajua aliimba nini. Moja, nane, nne, tatu. Sita, tano, saba, mbili.

Nimemuuliza Lewis kama nimtaje redioni. Akasema, "Nitaje, mzee. Nimebeba peke yangu vya kutosha."

Jumapili asubuhi Lewis alikuwa misani. Gari lilikuwa limevutwa kwa kamba hadi mtoni Ekerenyo, likawa kwenye mstari. Wingu limekaa juu ya mlima kama blanketi lililolowa. Jasper akawasha. Injini ikakohoa. Ikapiga risasi kwenye kabureta, watoto wakakimbia. Kamshafti ilikuwa inafungua milango kwa zamu mpya, na moto ulikuwa unakuja kwa zamu ya zamani.

"Fundi!" Jasper alipiga kelele. "Ni nini hii? Nilikuambia!"

Manasseh alikuja na koti lake zito. Akaangalia mafuta. Akaangalia kabureta. Akaangalia kila kitu isipokuwa nyaya, maana nyaya alizifunga mwenyewe na aliwasha zikakubali. Magari mengine yakaanza kupanda. Moja likaenda. Jingine likaenda. Mvua ikaanza. Watu wakaanza kusema yale watu husema: mzee amekwisha, akili imefuata kifua. Manasseh anakohoa, injini inakohoa, wakawa kama wagonjwa wawili wodi moja.

Halafu akatoa plagi moja aitazame. Akasimama. Akasema kwa sauti ndogo, "Hii plagi inang'aa. Nani ameniosha plagi?"

Hapo akajua. Hakumtaja mtu. Akainama, akabadilisha waya wa nne na waya wa saba. Akamwambia Jasper, "Washa."

Ikanguruma, wasikilizaji wapendwa. Nami nikaruka nikakaa kando ya dereva. Tukapanda! Matope yakafunguka kama bahari ya Musa. Tulipofika sokoni, saa za watu zilikataa kuhesabu. Nafasi ya kwanza! Jasper akalia, mimi nikalia, na Manasseh kule chini alisikia watu wakipiga vigelegele, akajua jina lake limesimama.

Hayo ndiyo yaliyokuwa. Baada ya hapo kifua kilizidi. Lewis anasema alienda kumwona na kumwomba msamaha. Maneno yake ni haya: "Hakunigombeza. Aliniuliza kama misa ilikuwa nzuri. Heri angenigombeza." Wiki iliyopita, Manasseh Anyona akatutoka.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa rambirambi kwa mjane wake, Mama Natasha, kwa Natasha mwenyewe, na kwa...

Emily, mbona unanipungia mkono? Emily ndiye anayenishikia mitambo hapa. Anasema kuna simu. Nani? Haya, iweke hewani.

"Makori."

"Bwairire, ndugu msikilizaji. Naongea na nani?"

"Mimi ni Orpah."

"Mama Natasha! Pole sana, mama. Pole tena na..."

"Pole nimepokea tangu wiki jana. Sasa nisikilize. Gari halikushinda."

"Mama Natasha, nilichosema ni kwamba..."

"Ulisema nafasi ya kwanza. Nimesikia, na nyumba yote imesikia, hapa kumejaa watu. Lilikuwa la mwisho. La mwisho, Makori! Nyuma yake ilikuja ng'ombe ya watu inatafuta nyumbani. Matope yalifunguka wapi? Lilipanda likiteleza kama bata."

"Lakini lilifika..."

"Na wewe hukuwa ndani. Wewe ulikuwa kwa hoteli ya Tryphosa unakula mandazi, mvua isikunyeshee. Tryphosa yuko hapa anapika. Tryphosa, si alikuwa kwako?"

Wasikilizaji wapendwa, mmesikia hicho kicheko. Ndiye Tryphosa.

"Na hiyo ya zamu ya chai. Wewe umechuma chai lini, Makori? Hata jani moja? Mimi ndiye nilikuwa kwa kile kikundi. Nilirudi nyumbani na matope hadi hapa, nikamwambia mume wangu vile tumebadilisha zamu, Mama Jethro wa bondeni na Nyaboke wa juu. Alikuwa amelala. Akaamka, akaniambia, 'Rudia hapo.' Wewe ulikuwa wapi?"

"Sikuwapo, mama."

"Sema vizuri, wako mbali na redio."

"Sikuwapo."

"Haya. Sasa nikuambie kwa nini nimepiga. Si ya kukuaibisha, hiyo umezoea. Lile gari lilikuwa la mwisho, na watu wa Keroka wakaita kazi ya mume wangu kobe. 'Fundi wa kobe.' Jasper pia aliita. Jumatatu Manasseh alifungua injini hapa nyumbani. Akaniita, akashika kidole changu, akakipitisha kwa ile beringi ya nyuma. Ilikuwa laini, Makori. Laini kama sahani ya sherehe. Akaniambia, 'Orpah, imerudi nzima.' Akalala vizuri siku hiyo. Siku moja tu, alilala vizuri."

"Endelea, mama."

"Kesho nilitaka nisimame niwaambie watu hilo. Beringi ninayo, nimeifunga kwa kitambaa. Sasa wewe umesema alishinda. Kila mtu alikuwa Ekerenyo siku ile, wanajua hakushinda. Nikisimama kesho na ukweli wangu, wataona ni ndugu ya uongo wako. Umeniharibia shahidi mmoja niliyekuwa naye."

"Mama Natasha, samahani sana."

"Samahani haiingii kwa sufuria. Watu wanalala hapa leo, na maharagwe yamekwisha. Wewe una mbuzi."

"Ninao, lakini..."

"Vijana wameshaondoka, wako njiani kuja kwako. Na kabla hujafunga hicho kipindi, sema vile ilikuwa. Sema kama mtu mzima."

Amekata.

Wasikilizaji wapendwa, nasema vile ilikuwa. Manasseh Anyona. Fundi wa Keroka, mzaliwa wa Ekerenyo. Alichagua kamshafti ya kubadilisha zamu, ya nne na ya saba. Wazo alilipata kwa mkewe, Orpah, mchuma chai. Siku ya mashindano gari lilikuwa la mwisho. Nalirudia kwa walio mbali na redio: gari lilikuwa la mwisho. Nami sikuwa ndani. Na injini iliyokufa mara mbili ilipanda ule mlima kwa matope, ikarudi nyumbani ikiwa nzima. Hilo ndilo pekee alilolitaka, na alilipata. Hakuwa mshindi. Alikuwa sahihi. Maisha yangu yote sikuona tofauti ya hayo mawili hadi dakika hii.

Kesho, atakaposimama mama yule na kitambaa mkononi, mwenye kidole na akipitishe pale. Wewe uliyesema kobe, anza wewe. Jasper, wewe ufuate.

Mama Natasha, Natasha, Lewis, na ukoo wote wa Anyona: Mungu awakalie karibu usiku huu wa mvua. Na sisi tuliobaki tufikiri kidogo tukiwa na vikombe vyetu vya chai. Kuna marehemu wangapi tumewavalisha nguo kubwa kuliko zao, hadi wenye kuwapenda wakashindwa kuwatambua?

Emily anapunga tena. Simu nyingine. Ni mke wangu, Jacinta, yuko nyumbani.

"Baba, kuna vijana hapa kwa lango. Wanasema wametumwa mbuzi. Ni kweli, ama ni hadithi zako?"

"Ni kweli, Jacinta."

"Niwape yule mdogo?"

"Hapana."

"Yule mwenye mguu mbovu?"

"Jacinta, wape ile beberu nyeupe."

"Nyeupe? Ile ulikataa kuuza Krismasi?"

"Hiyo. Na usiwaache waivute shingo kwenye mvua. Wape na kamba."